Madini ya Sarafu na Ahadi ya Taifa: Kutoka Dhahabu ya Sekenke hadi Chuma cha Leo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, aghalabu tunataja ngoma, vinyago, ushairi, hadithi na mavazi. Ni mara chache mno tunataja sarafu. Hata hivyo hakuna kazi ya sanaa iliyopita katika mikono mingi kuliko sarafu. Kinyago cha mpingo chaweza kukaa katika nyumba moja miaka hamsini bila jirani kukiona. Lakini sarafu moja, kabla ya jua kuchwa, huwa imekwisha kupita kwa muuza karanga, kwa utingo wa basi, kwa mwanafunzi na kwa mama anayenunua chumvi. Sarafu ina picha, ina maandishi, ina umbo, ina uzito, ina mlio. Kitu chenye sifa zote hizo kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki kazi nyingine za sanaa.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki upande mmoja wa sarafu ambao wahakiki huusahau, nao ni madini yake. Tumechagua kusimama katika Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963, kwa sababu mkoa huo una ushahidi wa pekee katika jambo hili. Ardhi yake ilitoa dhahabu iliyofuliwa sarafu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na leo wananchi wake, kama Watanzania wengine, hutumia sarafu ambazo nyingi ni chuma kilichofunikwa utando mwembamba wa madini mengine. Swali letu ni hili: je, safari hiyo ya kutoka dhahabu na fedha hadi chuma ni safari ya kuporomoka kwa heshima ya sarafu yetu? Wapo wasemao kwamba ndivyo. Sisi tunaona kwamba jibu hilo limetolewa kwa haraka. Historia inaonyesha kwamba dhahabu iliwahi kusema uongo katika ardhi yetu, na kwamba madini duni yaliwahi kusema kweli. Kipimo cha sarafu ni ahadi inayobebwa na madini hayo, na jinsi ahadi hiyo inavyotimizwa kwa mtu wa chini.

Lugha inavyokumbuka

Yafaa tuanze na lugha, kwani Kiswahili kimehifadhi historia ya madini ya sarafu bila kukusudia. Neno fedha ni jina la madini meupe yenye thamani, na papo hapo ni jina la mali yote ya kununulia. Neno pesa lilitufikia kutoka Bara Hindi, nalo lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Seyyid Barghash alipotoa sarafu zake za Zanzibar mwaka 1882, alitoa riale ya fedha na pesa ya shaba. Kila moja ilikuwa na madini yaliyolingana na daraja lake. Neno hela limetokana na jina la sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, pale walipoigawa rupia yao katika hela 100 badala ya pesa 64. Sumuni, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu ya nane, ilihamia kwenye senti 50. Hata dala, jina la shilingi tano, limeyapa jina magari ya abiria mijini, na jina hilo limebaki ingawa nauli ya shilingi tano ilikwisha zamani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba majina haya yameishi zaidi ya madini yaliyoyazaa. Mtu wa Singida husema anatafuta fedha, wala hamaanishi madini meupe. Husema hana hela, wala hamkumbuki Kaizari. Lugha, basi, ilikwisha kutoa hukumu yake kabla ya wahakiki: madini yaweza kuondoka na jina likabaki, mradi watu wakubali kuendelea kupokeana. Kinachotupasa kuchunguza ni sababu za kukubali huko, na nani hugharimika pale kunapovunjika.

Jembe na ng'ombe

Kabla ya sarafu kuenea, wakazi wa uwanda wa kati, yaani Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo na majirani zao, hawakuwa watu wasiojua thamani. Ng'ombe alikuwa akiba, alikuwa mahari, alikuwa fidia na alikuwa heshima ya ukoo. Kando ya ng'ombe palikuwa na jembe la chuma. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Uzinza, karibu na Ziwa Viktoria, yalisafirishwa mbali kupitia Unyamwezi, na katika sehemu nyingi za bara yalipokewa kama malipo.

Ng'ombe na jembe vilikuwa na sifa moja kuu. Aliyevipokea hakuhitaji kumwamini aliyemlipa. Jembe likikosa mnunuzi, litalima. Ng'ombe asipouzwa, atakamuliwa. Thamani ilikuwa ndani ya kitu chenyewe, mbele ya macho ya kila mtu. Sarafu haina sifa hiyo. Haikamuliwi wala hailimi. Mpokeaji wake huchukua kitu asichoweza kukitumia, kwa kutumaini kwamba kesho mtu mwingine atakipokea kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo sarafu, tangu siku yake ya kwanza, ni ahadi. Watawala wa kale waliliona hilo, nao wakaitia ahadi ndani ya madini yanayopendwa ili mpokeaji asiye na imani na mtawala awe walau na imani na madini. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya dhahabu na fedha katika sarafu: kuziba pengo la kutoaminiana.

Dhahabu ya Sekenke

Wajerumani walipoitawala bara, walileta rupia ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66 hivi, ikilingana na rupia ya Kihindi ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea. Katika kila sehemu elfu za sarafu ile, sehemu 917 zilikuwa fedha halisi. Kwa kipimo cha madini, hiyo ilikuwa sarafu njema. Lakini mwanakijiji hakuipata kwa kuuza ziada yake kwa hiari. Kodi ilidaiwa kwa sarafu, rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alilazimika kuuza mfugo au kwenda kufanya kazi ya ujira mbali na kwao. Fedha ile nzuri iliingia nyumbani kwa mlango wa amri. Hapa tayari tunaona kwamba usafi wa madini na haki ya sarafu ni mambo mawili.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Iramba. Huko Sekenke, chini ya uwanda wa juu wa Iramba, palianzishwa mgodi wa dhahabu katika miaka michache kabla ya vita. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga bahari, na utawala wa Kijerumani ukapungukiwa na sarafu. Mwaka 1916 walianza kufua sarafu zao wenyewe huko Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli. Kwa shaba na kwa shaba ya njano, yakiwemo mabaki ya maganda ya risasi na mizinga, walifua hela 20 zaidi ya milioni moja. Kwa dhahabu ya Sekenke walifua sarafu ya rupia 15. Zilifuliwa sarafu 16,198 za namna hiyo, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ikiwa dhahabu tupu. Tukipiga hesabu tunapata kwamba kilo 87 hivi za dhahabu zilitumika katika kazi hiyo.

Tuiangalie sarafu ile kwa jicho la mhakiki. Upande mmoja una tai wa Kijerumani mwenye taji. Upande wa pili una tembo, mkonga ameuinua, na nyuma yake kuna mlima. Chini ya tarehe ipo herufi T, alama ya Tabora. Ni kazi nzuri. Tembo yule ana nguvu na mwendo, na kuna sarafu nyingi zilizofuliwa Ulaya kwa mitambo bora zisizo na uhai kama wake. Wakusanyaji wa sarafu duniani huitafuta mpaka leo. Madini yake ni ya nchi yetu, mnyama wake ni wa nchi yetu, imefuliwa ndani ya nchi yetu. Mtu anayeihukumu sarafu kwa madini na kwa picha peke yake angelazimika kuitaja kuwa sarafu bora kabisa iliyopata kutengenezwa katika ardhi ya Tanzania Bara.

Sisi tunaikataa hukumu hiyo. Sarafu moja ya rupia 15 ilikuwa sawa na kodi ya mtu mmoja kwa miaka mitano. Haikufuliwa kwa ajili ya mkono wa mkulima wa Iramba aliyeishi juu ya dhahabu hiyo. Wakati huo huo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka uwanda wa kati. Utawala uliozifua sarafu zile uliondoka Tabora mwezi Septemba mwaka 1916 mbele ya majeshi ya Wabelgiji. Baada yake ikaja njaa ya Mtunya, iliyoitesa Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, zikiwemo sehemu za Manyoni ambazo leo zimo katika Mkoa wa Singida. Ng'ombe aliyechukuliwa alikuwa akiba ya kweli. Kilichobaki nyuma kilikuwa kumbukumbu ya mtawala aliyekwisha kuondoka. Tembo wa Tabora alikuwa wa dhahabu, lakini ahadi aliyoibeba haikuwa na mtu wa kuitimiza. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba dhahabu iliwahi kusema uongo.

Robo ya fedha, kisha hakuna

Waingereza walileta utaratibu mwingine. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilianza kutoa shilingi mwaka 1921. Katika hesabu za Bodi rupia moja ilikuwa sawa na shilingi mbili. Lakini shilingi hiyo, yenye simba mbele ya milima, ilikuwa na fedha robo tu ya uzito wake. Robo tatu zilizobaki zilikuwa madini ya bei ndogo. Rupia ya zamani ilibeba takriban gramu 10.7 za fedha. Shilingi mbili za Bodi, zikiwekwa pamoja, hazikufikisha gramu 4.

Mwaka 1948 hata robo hiyo iliondolewa. Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoa fedha katika sarafu zake mwaka 1947, kwa kuwa vita vilikuwa vimeiachia madeni mazito na madini ya fedha yalihitajika kwingineko. Shilingi mpya ya Afrika Mashariki ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Simba alibaki, milima ilibaki, thamani iliyoandikwa ilibaki. Mkulima wa karanga wa Singida na mchimbaji wa Sekenke waliendelea kulipwa kwa shilingi ile ile kwa jina, ambayo ndani yake fedha haikuwemo tena. Uamuzi wa kuondoa fedha ulifanywa London, wala wao hawakuulizwa.

Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba sarafu za Bodi zilikuwa na jambo moja la busara. Senti ndogo zilikuwa na tundu katikati. Tundu lile lilipunguza madini, na pia lilimwezesha mtu asiye na mfuko kuzitunga sarafu katika uzi na kuzifunga kiunoni. Hapo umbo lilimfikiria mtumiaji. Sarafu njema huanza na swali hilo: itabebwa na nani, na kwa namna gani?

Mkono na mwenge

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo huo tulipata sarafu zetu wenyewe. Senti 5 ilikuwa ya shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Senti 20 ilikuwa ya shaba, zinki na nikeli. Senti 50 na shilingi moja zilikuwa za shaba na nikeli. Hapakuwa na dhahabu wala fedha. Kwa kipimo cha madini, sarafu hizo hazikuizidi shilingi ya mwisho ya mkoloni.

Lakini tazama zilichosema. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Rais wa kwanza, Mwalimu Julius Nyerere. Thamani iliandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mnunuzi na muuzaji wa Singida, mmoja Mnyaturu na mwingine Mnyiramba, waliweza kuisoma pamoja. Senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 mbuni, na senti 50 sungura. Shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru, mwenge ule uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961.

Uteuzi huu una maana zaidi ya pambo. Sungura ni nani katika hadithi zetu? Ni mdogo asiye na nguvu, ambaye kwa akili yake huwashinda simba, fisi na tembo. Kumweka sungura juu ya sumuni, sarafu ya mtu wa kipato kidogo, kulikuwa ni kumzungumzia mtoto wa kila kijiji kwa lugha ambayo bibi yake alikwisha kumfundisha. Na mkono ulioshika mwenge ndio ulikuwa mkono wa kwanza wa binadamu kuonekana upande wa thamani wa sarafu zetu. Hakuwa mfalme, hakuwa tai. Ulikuwa mkono usio na jina, ambao kila mfanyakazi angeweza kuuhesabu kuwa wake. Ijapokuwa zilifuliwa Uingereza, sarafu zile zilikuwa na madini ya kawaida na maneno ya kweli. Tukizilinganisha na tembo wa Tabora, twaona tofauti kati ya sarafu nzuri na sarafu njema.

Chuma kinaingia

Katika miaka ya 1980 uchumi wetu ulipata misukosuko mikubwa: vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha kugharimu mengi, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na bidhaa zikaadimika madukani. Mwaka 1986 thamani ya shilingi mbele ya fedha za kigeni ilishushwa sana. Mwaka 1987 shilingi moja ilitoka kwa sura mpya, ikiwa na picha ya Rais Ali Hassan Mwinyi upande mmoja. Upande wa pili mkono ulikuwa ule ule na mwenge ule ule. Kilichobadilika ni mwili wake: sasa ulikuwa chuma kilichovikwa nikeli. Baadaye senti 50 ilifuata njia hiyo, na shilingi 10, iliyokuwa ya shaba na nikeli mwaka 1987, ikawa chuma chenye nikeli mwaka 1990.

Sababu yake inaeleweka. Sarafu ikiwa na madini ya bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa juu yake, taifa hupata hasara kwa kuifua, na wajanja huiyeyusha wakauza madini. Bei zikipanda, thamani iliyoandikwa hushuka mpaka ikapitwa na madini. Hapo serikali ina njia mbili: kuacha sarafu hiyo, au kutafuta madini ya bei ndogo zaidi. Hatukuwa peke yetu. Afrika Kusini iliacha fedha katika sarafu zake za kawaida mwaka 1965, na katika miaka ya 1990 sarafu zake ndogo zikawa chuma kilichopakwa shaba. Zambia, nchi ambayo jina lake katika soko la dunia ni shaba, ilitoa ngwee moja ya chuma kilichovikwa shaba mwaka 1982. Hakuna mfano unaofundisha zaidi ya huo. Shaba ya Zambia ilihitajika kuuzwa ng'ambo ili nchi ipate kuishi. Mwananchi wake akabakiziwa ngozi ya shaba juu ya chuma.

Sasa tuulize wananchi walipokeaje mabadiliko hayo. Hakuna muuza vitunguu wa Singida aliyekwenda sokoni na sumaku ili kuzipima sarafu. Shilingi ya chuma haikukataliwa kwa kuwa ya chuma. Iliachwa kidogo kidogo kwa sababu haikuweza tena kununua kitu. Mfikirie mkulima aliyeuza mtama wake mwaka 1975 akafukia chunguni shilingi za shaba na nikeli. Alipozifukua mwaka 1990, madini yake yalikuwa mazima, hayana kutu, na sura ya Mwalimu ilionekana wazi. Methali husema akiba haiozi. Akiba ile haikuoza kwa madini. Ilioza kwa bei. Jirani yake aliyenunua mtamba mwaka ule ule 1975 huenda alikuwa na zizi. Hapa wazee wa Kinyaturu walioshikilia ng'ombe wao, ambao wataalamu wengi waliwalaumu kwa kukataa benki, walikuwa na hoja ambayo sisi wahakiki wa utamaduni hatuna budi kuisikiliza. Hawakuidharau sarafu kwa ushamba. Walikuwa wamejifunza, tangu siku za rupia, kwamba ahadi ya mtu mwingine yaweza kuondoka pamoja na mtu huyo.

Hukumu juu ya sarafu za leo

Leo sarafu zinazopita sokoni ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Shilingi 100, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990, ina swala. Shilingi 50 ya mwaka 1996 ina faru. Zote mbili ni chuma kilichopakwa shaba ya njano. Shilingi 200 ilipotolewa mwaka 1998 ilikuwa ya shaba, nikeli na zinki, ikiwa na sura ya Mzee Abeid Amani Karume na simba wawili. Shilingi 500, iliyoingia mwaka 2014 ili ishike nafasi ya noti iliyokuwa ikichakaa upesi kwa kupita mikono mingi, ni chuma kilichopakwa nikeli, yenye sura ya Mzee Karume na nyati.

Hatuna ugomvi na chuma. Katika nchi ambayo jembe la chuma lilikuwa malipo, chuma hakipaswi kuonewa haya. Ugomvi wetu wa kwanza ni juu ya rangi. Shilingi 50 na 100 zimepakwa rangi ya madini zisizokuwa nayo, na zikiisha kupita mikononi kwa miaka kadhaa, ukingo huchubuka na weusi wa chuma hujitokeza. Shilingi 500, ambayo weupe wake unakaribiana na chuma chenyewe, huzeeka kwa heshima zaidi. Sanaa njema huitumia mali ghafi kwa tabia yake. Mchongaji wa mpingo hapaki mti wake rangi ya pembe.

Ugomvi wetu wa pili ni juu ya picha. Swala, faru, simba na nyati ni wanyama wetu, nasi twajivunia. Lakini wametazamwa kwa jicho la mbugani, jicho la mgeni anayepita na kamera. Sungura wa mwaka 1966 alitoka katika hadithi. Hawa wametoka katika hifadhi. Mkono umetoweka upande wa thamani. Ng'ombe, aliyebeba akiba, mahari na heshima ya mamilioni ya Watanzania kutoka Singida hadi Shinyanga na Manyara, hana nafasi katika sarafu hizi. Uganda ilimweka ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu juu ya shilingi yake 100, na hakuna aliyeona kwamba sarafu imeshuka hadhi. Kenya, ambayo katiba yake ya mwaka 2010 ilikataza sura za watu katika sarafu, ilitoa mwaka 2018 sarafu zenye twiga, faru, simba na tembo. Nayo imetazama mbugani kama sisi. Tungalikuwa na alizeti, au mzinga wa nyuki, au jembe, Singida ingalijiona katika mfuko wake.

Ugomvi wetu wa tatu ndio mzito. Ni juu ya sarafu zisizokuwapo. Senti zote, na shilingi 1, 5, 10 na 20, zimetoweka sokoni. Kila sarafu ndogo inapokufa, bei hujisogeza kwenda juu mpaka kwenye sarafu inayofuata. Muuzaji akikosa chenji humpa mtoto peremende. Tajiri hahisi jambo hilo. Anayelihisi ni mama anayenunua mafuta ya kula kwa kipimo kidogo na kitunguu kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba ikiondolewa, kibaba kitajazwa na nini? Kubadilisha madini hakumuumizi mama huyu. Kupotea kwa sarafu yake ndogo humuumiza kila siku.

Dhahabu irudi wapi?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kurudi kwenye madini yenye thamani, na watauonyesha mkoa huu huu. Dhahabu ya Singida haijakwisha. Wachimbaji wadogo bado wako Sekenke, na mwaka 2023 mgodi mwingine wa dhahabu ulianza uzalishaji katika Wilaya ya Ikungi. Kwa nini basi tusiwe na shilingi yenye dhahabu?

Hoja hiyo ina mvuto, lakini Tabora ya mwaka 1916 imekwisha kuijibu. Sarafu ya dhahabu haiwezi kununua kitunguu. Huishia sandukuni mwa mwenye nacho, au huvuka mpaka. Tulikwisha kufua dhahabu mara nyingine, mwaka 1974, shilingi 1,500 yenye picha ya duma kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Hiyo nayo ilikwenda kwa wakusanyaji, wala haikupata kuonekana mnadani. Mahali pa dhahabu ni nyuma ya sarafu, katika akiba ya taifa, ambako inaweza kuilinda ahadi iliyoandikwa juu ya chuma. Kwa sababu hiyo tunaona umuhimu wa hatua ya Benki Kuu ya kununua dhahabu ya nchini kwa ajili ya akiba, hatua iliyopanuliwa mwaka 2024. Tembo wa Tabora aliichukua dhahabu ya Iramba akaiondoa mikononi mwa watu. Dhahabu hiyo ikikaa katika hazina na ikasaidia shilingi ya chuma isioze kwa bei, itakuwa imemfikia hata yule asiyepata kuiona.

Tumalizie kwa kutaja vipimo vitatu ambavyo tungependa sarafu zetu zijazo zipimwe navyo. Kwanza, madini yake yajionyeshe kwa rangi yake, bila kujifanya mengine. Pili, picha zake ziwatazame watu wa nchi wakiwa kazini na katika hadithi zao, kama ilivyokuwa kwa mkono na sungura. Tatu, iwepo sarafu ndogo kabisa inayonunua kitu halisi sokoni, na thamani yake ilindwe kwa bidii ile ile inayotumika kulinda noti kubwa. Kipimo cha tatu hakimhusu mfua sarafu peke yake; kinawahusu wote wanaopanga uchumi wa taifa. Bila hicho, viwili vya kwanza vitakuwa pambo tu. Mkulima wa Iramba haombi dhahabu mfukoni. Anaomba kwamba shilingi aliyolipwa msimu wa mavuno imnunulie mbegu msimu wa kupanda.